Frida ana ukuta mzima wa picha, mjomba wangu ana ya paspoti saizi

Jumamosi nilimpeleka binti yangu makumbusho ya hapa mjini, kulikuwa na maonyesho ya picha za Frida Kahlo, yule mchoraji wa Mexico, sio alizochora yeye, alizopigwa. Mpigaji ni Nickolas Muray, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa na studio New York, walijuana Mexico mwaka 1931 wakapendana miaka na miaka. Nilijua ntazunguka nusu saa nitoke, nikakaa mpaka walinzi wakaanza kutuambia wanafunga.

Iliyonishika ni ya 1939, kajitanda mtandio wa waridi iliyokoza, anakutazama usoni wala hacheki. Wamexico wanauita rebozo lakini wallahi ni mama zetu wa Tanga wakienda shughulini. Nyingine kakaa kwenye benchi jeupe, nyuma yake ukuta wa kijani wenye maua, nikakumbuka studio zetu za zamani zenye pazia la kuchorwa, unakaa wima mikono magotini fundi anakwambia usipepese. Na picha za rangi enzi zile zilikuwa kazi jamani, Muray alikuwa anatoa negativu tatu, kila rangi na yake, ndo anakuja kuziunganisha kwenye karatasi moja. Mtu kafanyiwa taabu yote hiyo akiwa hai. Frida mwenyewe kamera haikumtisha maana baba yake, Guillermo, alikuwa mpiga picha.

Hapo ndo nikaanza kuumia. Sisi tuna Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, mwaka 1968 akaanza kuchora Dar kwenye vibao vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, akawa anauzia pale Morogoro Stores, Oysterbay, 1972 polisi wakampiga risasi wakamuua wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu na jina lake limekuwa jina la staili nzima, hata huku ughaibuni nishawaona wale chui na ndege kwenye maduka ya zawadi. Ila sura yake? Mimi niliyekulia Tanzania ningepishana naye njiani nisingemjua.

Na msinielewe vibaya, kuna kitu cha kwetu sikibadilishi na cha huku. Huku nimelipa kiingilio, sakafuni kuna mstari usivuke, tumejaa chumba kizima hakuna anayemsalimia mwenzie. Kwetu unapita unamkuta mchoraji kakaa chini, kibao kiko magotini, unasimama unaangalia bure, mnapiga stori, mtoto anasogea mpaka karibu aangushe kopo la rangi na hakuna anayemfukuza. Lakini nadhani ndo hapo tunapoponzwa, kwa vile tunamwona kila siku tunaona kumpiga picha ya nini, picha tunapiga bibi harusi.

Mjomba wangu alikuwa anaandika mabango Tanga, saluni, bucha, magenge, samaki wake kwenye kuta mtu alikuwa anawatambua kwa mbali. Alipofariki tukatafuta picha ya kuweka msibani tukapata ya paspoti saizi tuliyoibandua kwenye kitambulisho, muhuri umepita shavuni. Nyingine ni ya harusi ya dada, yeye yuko pembeni kakatwa, unaona mkono tu, ila mkono ni wake, kucha zina rangi ya bluu. Sasa tumesimama mbele ya Frida binti yangu ananiuliza, mama, babu alikuwa anafananaje, nikajikuta namweleza kwa mikono.

Jumapili nikampigia mdogo wangu aende kwa yule kijana aliyefundishwa na mjomba, siku hizi mtu mzima, bado anaandika mabango karibu na stendi, ampige picha akiwa kazini, asimwambie avae shati safi. Kanitumia tatu. Ya pili imetoka na ukungu kidogo, lakini brashi kaibana mdomoni upande wa kushoto, vilevile alivyokuwa anaibana mjomba.