Kabla ya Kutangaziwa Msiba wa Diski, Tuoneshwe BIOS

Fundi anayemwambia mteja kwamba diski ya kompyuta yake imekufa anapaswa, kwa maoni yangu, kumwonesha kwanza ukurasa wa BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, kwani hapo ndipo kompyuta inapoorodhesha diski ilizozitambua kabla Windows haijaanza kazi.

Dada yangu aliambiwa anunue diski mpya na asahau picha zote za marehemu mama yetu. Nilipoiwasha kompyuta yake ya mezani huku nikibonyeza F2 mfululizo, nikakuta mahali pa jina la diski pako patupu. Niliizima, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wake na kuona kwamba ule waya mwembamba wa data umelegea kwenye ubao mama. Niliusukuma mpaka ukakaa sawasawa, na nilipoingia BIOS tena, jina la diski likatokea pamoja na ukubwa wake, GB 500. Picha zote zilikuwamo.

Kitufe cha kuingilia hutofautiana: Dell nyingi hutumia F2, HP hutumia F10, na kompyuta nyingi za kuunganishwa na mafundi hutumia Delete. Pale Windows 10 au 11 inapowaka haraka mno kiasi kwamba kitufe hakiwahi, shikilia Shift unapobofya Restart, kisha fuata menyu mpaka kwenye UEFI, yaani BIOS ya kisasa.

Diski ikionekana humo, haimaanishi kuwa ni nzima kabisa, lakini kuifomati, yaani kuifuta yote ianze upya, papo hapo ni kosa kubwa. Huenda mpangilio umebadilika tu. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama ikiisha, saa hurudi nyuma na BIOS inaweza kurejea mipangilio ya kiwandani, ukiwemo ule wa AHCI au RAID, namna mbili za kompyuta kuwasiliana na diski, na Windows iliyosimikwa kwa mmoja mara nyingi hugoma kuwaka kwa mwingine. Mtu anapoteza kazi ya miaka kwa sababu ya betri ya volti 3, na hilo linaniumiza sana.

Diski isipoonekana hata baada ya kubadilisha waya na tundu, hapo neno la fundi lina uzito. Hata hivyo, ikiwa ina vitu visivyo na nakala, isiwashwe tena na tena. Ipelekwe kwa wanaookoa data ikiwa bado haijachokonolewa.