Milimita moja ya chuma: hesabu inayosahaulika kwenye fremu nyepesi

Pingamizi dhidi ya fremu za chuma chepesi, zile za bati jembamba lililokunjwa likiwa baridi, huanzia mikononi. Mtu huokota kipande cha stadi, yaani nguzo nyembamba ya wima ya ukuta, huminya mbawa zake (pande zake mbili zilizokunjwa) kwa vidole, huona zinacheza, kisha huuliza: bati hili ndilo litakalobeba ghorofa? Swali ni halali. Wanaoliuliza aghalabu wamezoea zege, mbao nene au chuma kilichotengenezwa kikiwa moto, vitu ambavyo vidole havivitikisi. Kinachonisukuma kuandika ni dawa inayofuata swali hilo karibu kila mara: ongeza unene. Dawa hiyo huongeza uzito na gharama, na mara nyingi haigusi mahali penye udhaifu.

Tuchukue stadi moja tuihesabu. Ina umbo la C: mgongo wa milimita 90, mbawa mbili za milimita 40 kila mmoja, unene wa milimita 1.0. Chuma chake hulegea kwenye mkazo wa MPa 345 (megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo), yaani kikipita hapo hakirudi kwenye umbo lake. Tupuuze mviringo wa kona ili hesabu iwe nyepesi. Ubawa wa C hiyo umeshikwa upande mmoja tu, pale unapoungana na mgongo. Upande wa pili uko huru. Bapa la namna hiyo hubenuka mapema. Ndani ya fomula ya kubenuka kuna namba inayoeleza jinsi kingo za bapa zilivyoshikwa, na kwa bapa lenye upande mmoja huru namba hiyo ni 0.43. Ukiiweka, ubawa wetu unaanza kubenuka kwenye mkazo wa takriban MPa 49, sawa na sehemu moja ya saba ya uwezo wa chuma chenyewe. Vidole vya yule mtu havikudanganya.

Sasa tumfuate mwenye dawa ya unene. Tukipanda hadi milimita 1.2, tumeongeza chuma kwa asilimia 20. Mkazo wa kubenuka hupanda kwa mraba wa unene, kwa hiyo tunafika MPa 71. Tumelipa moja ya tano zaidi na ubawa bado unabenuka kwenye moja ya tano ya uwezo wa chuma.

Turudi kwenye milimita 1.0 na badala yake tukunje ukingo wa milimita 12 kwenye ncha ya kila ubawa, ukielekea ndani. Upana wa bati unatoka milimita 170 hadi 194, ongezeko la asilimia 14. Ukingo huo mdogo unaushika ubawa upande uliokuwa huru. Kwa kanuni za AISI, taasisi ya chuma ya Marekani, ile namba 0.43 inaruka hadi karibu 3.7, na mkazo wa kubenuka unapita MPa 400, juu ya kiwango ambacho chuma chenyewe hulegea. Sehemu ya ubawa inayohesabiwa kuwa inabeba mzigo, chuma kinapofikia MPa 345, inatoka asilimia 35 hadi asilimia 84.

Nakaa kwenye hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu mjadala mzima umejificha ndani yake. Asilimia 14 ya chuma iliyowekwa mahali pake imeongeza mkazo wa kubenuka zaidi ya mara nane. Asilimia 20 iliyotandazwa kila mahali imeuongeza kwa chini ya nusu. Na ukingo wenyewe una mipaka ambayo unene haungekufundisha. Ukiufupisha, unakosa ugumu wa kuushika ubawa. Ukiurefusha hadi milimita 20 ukidhani kikizidi kitafaa, ile namba inashuka hadi takriban 2.75, kwa kuwa ukingo sasa ni bapa jingine linalotaka kubenuka lenyewe na kuuvuta ubawa. Kusanifu kiungo cha chuma chepesi, yaani kipande kimoja cha fremu kama stadi au boriti, ni kutafuta urefu wa mkunjo, nafasi ya mkunjo na idadi ya mikunjo. Unene huja baadaye.

Kuna jambo la pili ambalo wapinzani hulitaja kama ushahidi, nami naliona kuwa ushahidi wa upande wa pili. Mgongo wa stadi hiyo hiyo, ulioshikwa pande zote mbili, unaanza kubenuka kwenye takriban MPa 91. Anayesimama karibu na jaribio la maabara huona mawimbi madogo yakijitokeza kwenye bati na kudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Sehemu ya katikati inapobenuka hukataa kupokea mzigo zaidi, na mzigo huhamia kwenye vipande vilivyo karibu na kona, ambako bati limeshikwa na haliwezi kutoka nje. Vipande hivyo huendelea kubeba hadi chuma kilegee. Kwa fomula ya upana fanisi, yaani upana unaohesabiwa kuwa bado unabeba mzigo, mgongo wetu unabaki na asilimia 45 ya upana wake ikifanya kazi, na mkazo wa wastani unafika karibu MPa 157. Hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu ya mzigo ulioanzisha mawimbi.

Wazo hilo si la jana. Mhandisi Von Kármán na wenzake walilitoa mwaka 1932 wakishughulikia mabapa membamba. Kuanzia 1939, George Winter wa Chuo Kikuu cha Cornell, kwa ufadhili wa AISI, alilipima kwenye bati halisi lenye kasoro zake na kurekebisha fomula ilingane na kilichoonekana. Kanuni za kwanza za AISI zilitoka mwaka 1946. Tangu hapo, anayesema kubenuka ni sawa na kuanguka anabishana na miongo mingi ya vipimo.

Hata hivyo upande wa wenye shaka una hoja nzito, na nyingine zimethibitishwa na kanuni zenyewe. Fomula za upana fanisi zilitazama kila bapa peke yake. Kumbe ubawa na ukingo wake vinaweza kugeuka pamoja, vikizunguka kwenye kona ya mgongo kama bawaba, bila bapa lolote kubenuka kwa namna iliyotarajiwa. Watafiti wa Sydney, Gregory Hancock akiwa mmoja wao, waliufuatilia mgeuko huo kwa bidii, na kanuni ya Australia na New Zealand ya mwaka 1996 ikauweka bayana. Amerika Kaskazini iliuwekea hesabu yake ndani ya kanuni kuu mwaka 2007. Mwenye shaka ana haki ya kuuliza: kama mlikosa kuliandikia hilo kwa miaka sitini, mmekosa nini kingine?

Jibu langu ni kwamba kilichokosekana kilitafutiwa chombo. Njia ya nguvu ya moja kwa moja, iliyotolewa na watafiti Schafer na Peköz mwaka 1998, haigawi kiungo vipande vipande. Kompyuta hukichukua kiungo kizima, hutafuta namna zote za kubenuka, kugeuka na kupinda, kisha uwezo hukadiriwa kutokana na hizo. Iliingia kwenye kanuni za Amerika Kaskazini mwaka 2004 kama kiambatisho, na mwaka 2016 ikahamia kwenye mwili wa kanuni. Zaidi ya hayo, kanuni zinatoza wembamba ada. Nguzo ya chuma kilichokunjwa kikiwa baridi hupunguzwa kwa kizidishi cha 0.85, wakati ya chuma kizito hutumia 0.90. Kwenye skrubu kizidishi ni 0.50. Shaka ya wembamba imeshahesabiwa. Kuongeza unene juu yake kwa woga ni kuilipia mara mbili.

Pale ambapo siwezi kuwajibu wenye shaka kwa fomula ni moto na kutu. Kanuni ya moto ya Ulaya inaviwekea viungo vyembamba vya aina hii kikomo cha nyuzi 350 za Selsiasi, isipokuwa msanifu afanye hesabu ya kina zaidi. Fremu hizi hutegemea bodi ya jipsamu, ambayo takriban moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini. Moto lazima uyafukuze kwanza ndipo joto lipande upande wa pili. Bodi ikidondoka, stadi haina akiba. Kutu ni hivyo hivyo. Mipako ya zinki ya gramu 275 kwa mita ya mraba, ukihesabu pande zote mbili, ni kama maikromita 20 kila upande. Ikiisha, na chuma kikaliwa milimita 0.1 kila upande, bapa la milimita 10 limepoteza asilimia 2 ya unene wake. Stadi yetu imepoteza asilimia 20, na mkazo wake wa kubenuka umeshuka kwa asilimia 36. Mraba ule ule wa unene unatuadhibu hapa. Penye chumvi hewani au unyevu usiokauka, simlaumu anayekataa.

Lakini sehemu kubwa ya malalamiko yanayonifikia haihusu moto wala kutu. Inahusu kuta zilizoyumba kwa sababu ya mambo ambayo unene usingeyaponya. Chukua stadi ile ile, yenye ukingo, ikiwa na urefu wa mita 2.7. Ina uzito wa kama kilo 4. Mtu mmoja anaisimamisha bila msaada. Kwa fomula ya Euler, inayokadiria mkazo unaoipinda nguzo ndefu, ikipinda upande wake dhaifu bila kushikwa popote katikati, inafika takriban MPa 67 tu. Ishikwe katikati, na kiwango kinapanda mara nne, karibu MPa 270. Kipande cha mlalo kinachoshika stadi katikati ni chepesi na rahisi, na ndicho kinachorukwa kazi inapoharakishwa. Wakati huo huo C ina tabia nyingine: mzigo unaopita kwenye mgongo wake haupiti pale ambapo kiungo kingepinda bila kujisokota, kwa sababu mahali hapo pako nje ya C, nyuma ya mgongo. Bila kushikwa, boriti ya C hujisokota inapopinda. Ukipandisha unene kutoka 1.0 hadi 1.2 bila kuishika, umepata boriti nzito zaidi inayojisokota.

Kisha wanakuja mafundi wa mabomba na umeme. Stadi hutoka kiwandani na matundu yake katikati ya mgongo, mahali ambapo tundu lina madhara madogo. Likikatwa jingine kwenye ubawa, au ukingo ukikatwa ili bomba lipite, hesabu yote ya juu imefutwa pale. Ukingo uliokatwa mahali pamoja unairudisha ile 0.43. Najua wasanifu wanaosema hilo ni tatizo la msimamizi, na sikubaliani nao kabisa. Kama mchoro hauonyeshi bomba litapita wapi, fundi atachagua mwenyewe, na atachagua kwa macho ya bomba.

Hoja hii ya usimamizi ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha upande wa pili, na wengi wanaoitumia hawaitaji kwa jina lake. Wanaposema chuma ni chembamba, wanachomaanisha ni kwamba mfumo huu hausamehe. Zege na chuma kizito husamehe mengi. Kanuni za AISI zinaruhusu unene wa bati lililofikishwa usipungue asilimia 95 ya ule wa hesabu, na unene huo ni wa chuma tupu bila zinki wala rangi. Anayepima kwa kifaa cha maikromita juu ya mipako amejihesabia chuma ambacho hakipo, na kwenye milimita moja hata sehemu ndogo ya kumi ni kubwa.

Upande wa kusamehe nao una la kusema kwa fremu hizi. Mwaka 2013, jengo zima la ghorofa mbili la chuma chepesi lilitikiswa kwenye meza za mitetemo za Chuo Kikuu cha Buffalo, kwanza likiwa fremu na kuta za kubeba mzigo, kisha likiwa na bodi na kuta za ndani kama jengo la watu. Kila tabaka lililoongezwa lililifanya jengo liwe gumu zaidi, na lilipokamilika lilistahimili tetemeko kubwa kuliko hesabu za msanifu zilivyoahidi. Stadi iliyochezacheza vidoleni haikuwa peke yake tena. Ilikuwa imeshikwa na mamia ya skrubu kwenye bodi pande mbili. Natahadhari hapa. Jengo gumu kuliko ulivyohesabu hutetemeka kwa haraka zaidi na huweza kuvuta nguvu kubwa za tetemeko, na bodi iliyolowa au iliyobanduliwa wakati wa ukarabati haishiki chochote. Msanifu anayetegemea bodi kushika stadi aandike hivyo kwenye mchoro, ili anayeibandua baada ya miaka ishirini ajue anaondoa nini.

Kwa hiyo, nikiletewa ukuta wenye mashaka, naanza na urefu wa ukingo, nafasi kati ya vishikizi vya mlalo, matundu, umbali wa skrubu kutoka mwisho wa bati na cheti cha unene wa chuma tupu. Unene nauongeza pale hesabu inapoonyesha kuwa ndio unaotawala: pale mzigo unapominya mgongo juu ya tegemeo, kwa mfano, au pale skrubu inapopasua bati jembamba mno kuishika. Ikiwa usimamizi wa eneo hautapatikana, ningependekeza mfumo mwingine kabisa na kuandika kwenye ripoti kwamba sababu ni usimamizi, ili msanifu wa mradi unaofuata asirithi milimita za ziada akidhani kuna hesabu iliyozidai.