Kabla ya kuuliza dawa, uliza kipimo

Wanafunzi wengi wa vyuo hapa Tanga wanajua kutafuta habari za afya kwenye simu. Kinachowaponza ni swali wanaloandika. Aliyeshikwa na homa geto, Ngamiani, huandika "dawa ya homa na viungo kuuma", na mtandao humletea dawa kama alivyoomba. Ugonjwa wenyewe hakuuliza, na hataambiwa.

Kwa watu wa pwani hilo ni jambo zito. Homa ya ghafla, kichwa kugonga na viungo kuuma inaweza kuwa malaria, na inaweza kuwa dengi, iliyosumbua sana Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019. Ukishauriwa kumeza diklofenaki au ibuprofeni kumbe una dengi, unajiweka kwenye hatari ya kuvuja damu: ugonjwa hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na dawa hizo hudhoofisha zilizobaki. Aspirini ni vilevile. Kabla hujapima, tumia parasetamoli tu. Mtu mzima asiye na tatizo la ini humeza vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Soma na pakiti ya dawa ya mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani yake, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua.

Dengi ina mtego mwingine ambao kurasa nyingi haziutaji. Hatari kubwa huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati mgonjwa anadhani amepona na anajiandaa kurudi darasani. Tumbo likiuma sana, ukatapika mfululizo, au damu ikatoka puani au kwenye fizi, usifungue simu kutafuta maelezo. Nenda Hospitali ya Bombo au kituo chochote cha afya kilicho karibu, saa hiyohiyo.

Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone la damu ya kidoleni na dakika kama 20. Kikionyesha huna, usimeze dawa mseto ya malaria (ALu) "kwa tahadhari". Rudi kwa mhudumu atafute chanzo kingine. Kikionyesha unayo, dozi ya ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa kila mara, mara sita ndani ya siku tatu, mara ya pili ikiwa saa nane baada ya ya kwanza. Meza baada ya chakula chenye mafuta kidogo, kwani bila mafuta dawa hainyonywi vizuri. Wengi huacha siku ya pili wakishapata nafuu, na vilivyobaki wanampa mwenzao wa chumbani. Wote wawili wanabaki na nusu dozi.

Lugha nayo ina mchango wake. Ukitafuta kwa Kiingereza, kurasa za Uingereza au Marekani huanza na mafua, kwa kuwa ziliandikwa kwa watu wasioishi na malaria. Ukitafuta kwa Kiswahili, mara nyingi unakutana na muuzaji na namba yake ya simu chini ya "tiba ya kudumu". Mimi hutazama mambo matatu: ukurasa unasema ugonjwa unapimwaje? Unataja dalili za kukimbilia hospitali? Mwandishi anauza anachokisifia? Badala ya "dawa ya", andika "dalili za hatari za" au "kipimo cha", kisha ongeza Wizara ya Afya au Shirika la Afya Duniani.

Yapo mambo yasiyosubiri usome mpaka alfajiri. Dawa za kuzuia VVU baada ya kujamiiana bila kinga, au baada ya kubakwa, lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Humezwa siku 28. Mwanafunzi anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp siku mbili akiona aibu amekwisha poteza saa 48.

Vyuo vyetu vinafundisha kompyuta muhula wa kwanza. Saa mbili za kipindi hicho zingetosha: mhudumu wa maabara aje na kipimo cha malaria, mfamasia aje na pakiti za dawa, wanafunzi wafungue simu zao na kutafuta hapohapo, na kila jibu lijadiliwe mbele ya wote.