Mapigo Hewani

Siku za kazi mimi ni daktari. Jumamosi jioni naendesha kipindi cha afya kwenye redio moja hapa Mbeya. Kazi hizi mbili zilikuwa hazijawahi kugombana, mpaka siku hiyo, tena mubashara.

Mgeni wangu alikuwa mzee mkulima wa viazi kutoka Isyonje, amekuja kusimulia anavyoishi na presha. Koti zito, kofia ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi. Nikamwuliza kuhusu dawa.

"Nikiumwa nameza. Nikiwa mzima naziacha zipumzike."

Nikavuta pumzi nimweleze kwamba presha haibishi hodi, dawa ni kila siku. Kabla sijaanza akaongeza, "Ila siku hizi moyo unarukaruka kama chura."

Hapo mtangazaji akatoweka, akabaki daktari. Nikamkamata kifundo cha mkono. Du, du... kimya... du-du-du. Sasa, mapigo yanayokwenda hovyo hivyo huwezi kuhesabu robo dakika ukazidisha kwa 4. Unahesabu dakika nzima. Nami nikahesabu dakika nzima, macho kwenye saa ya ukutani.

Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa anapunga mikono. Nikamnyooshea kidole: subiri. Akagonga kioo. Nikamkazia jicho lile ninalowakazia ndugu wa mgonjwa wanaopiga soga wodini. Nilikuwa nimefika 92 mzee alipoinamia maiki na kunong'ona, mnong'ono wa mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde:

"Daktari, mkono umeushika, husemi kitu. Unanichumbia?"

Meseji ya kwanza kuingia: "Poleni kwa msiba." Ya pili simu, mama yangu, Tukuyu: "Mwanangu, kafa nani hapo?" Aliyoyasema mkuu wa vipindi nayaacha.

Jumatatu mzee akaja kliniki kupimwa umeme wa moyo kama nilivyomwagiza, na debe la viazi juu. (Haya nayaandika kwa ruhusa yake, kwa sharti niseme viazi vyake havina mfano. Havina.) Nikamshika mkono, nikaanza kuhesabu. Inaelekea hakutaka niaibike tena. Akasafisha koo, akapaza sauti mpaka foleni ya nje ikanyamaza:

"Nawasalimu wajukuu zangu wote wa Isyonje, shemeji yangu wa Kiwira, na yule kijana wa bajaji aliyenileta, chenji yangu bado anayo..."

Nilikuwa nimefika 40. Nikaanza upya.