Singida ipo, mbona hamuitaji?

Mwandishi mmoja ameandika kwamba sisi wa Dodoma tukitaka mapumziko lazima twende Arusha au Zanzibar. Hapana, ndugu mwandishi. Pandeni basi la Singida kupitia Manyoni, lami tupu. Mji ule una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na kando yake majabali makubwa ambayo watoto hawachoki kuyapanda. Mvua huku Kanda ya Kati hunyesha takriban Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni mikavu. Kwa hiyo Juni na Julai, kukiwa na kibaridi, unatembea ufukweni toka asubuhi bila kusumbuliwa na jua wala matope. Flamingo nao huonekana, ingawa si kila siku. Masika nayo ina uzuri wake, nchi nzima inageuka kijani.

Wenye nguvu zaidi waende Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, pale Katesh, mkoani Manyara. Na michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ipo kwenye urithi wa dunia tangu 2006!

Halmashauri zetu zituwekee vivuli, vyoo safi na waongozaji vijana wa hapohapo. Tutakuja, tena na familia.