Jezi Wanazo, Uwanja Hawana

Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Tanga tunaoishi huku kaskazini mwa England kuna mchango unapita. Zinatakiwa jezi za timu ya wasichana ya mtaani kwetu, rangi ya chungwa, majina mgongoni. Nimeshatoa changu, nisije nikasemwa mchoyo. Ila naona tunanunua kitu ambacho sicho kinachowasumbua wale watoto.

Nakaa Preston, nahudumia wazee. Nyumbani ukitaja Uingereza na mpira wa wanawake, watu wanakumbuka fainali ya Ulaya uwanjani Wembley, Julai 2022, watazamaji 87,192, Chloe Kelly wa England kavua jezi anaizungusha hewani baada ya kuwafunga Wajerumani. Wanadhani wazungu wamezaliwa wakiupenda mchezo huu. Mji ninaokaa una habari nyingine. Hapa ndipo ilipozaliwa Dick, Kerr Ladies, timu ya wasichana wa kiwandani waliokuwa wakitengeneza zana za vita, mwaka 1917. Walicheza kuchangia majeruhi. Desemba 26, 1920 waliujaza uwanja wa Goodison Park, Liverpool, watu 53,000, na maelfu wakabaki nje. Haujatimia mwaka, Desemba 5, 1921, chama cha soka cha England kikatangaza kwamba mpira hauwafai wanawake, kikavitaka vilabu vyake vyote visiwape viwanja.

Hebu angalia hapo. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyenyang'anywa mpira, na jezi zao walibaki nazo. Walifungiwa viwanja tu, basi. Hiyo peke yake iliwarudisha nyuma miaka 50, mpaka 1971 katazo lilipoondolewa. Wenyewe hawakuacha kucheza, walihamia kwenye bustani za mji na viwanja vya raga, lakini lile jukwaa la watu 53,000 hawakuliona tena. Lily Parr, winga wao wa kushoto ambaye leo ana sanamu Manchester, alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Whittingham, nje kidogo ya mji huu. Kuna usiku nikiwa zamu namfikiria.

Sasa twende Tanga. Binti wa kaka yangu yuko kidato cha pili, anacheza beki, na timu yao inafanya mazoezi saa tisa alasiri. Aliyewahi kukanyaga mchanga wa Tanga saa tisa anajua nazungumzia nini. Kwa nini saa hiyo? Kwa sababu kuanzia saa kumi na moja, jua likishapoa, wanaume wanaingia. Hawatukani mtu wala hawafukuzi. Wanakuja watatu wanne, wanaanza kupasha misuli katikati ya uwanja. Mmoja anapiga shuti golini kwenu, kipa wenu anaurudisha mpira kwa adabu, anapiga la pili. Mkishtukia mmeshasogea pembeni mnavua viatu. Na kukiwa na mechi za ndondo, yale mashindano ya mtaani, hata hiyo saa tisa haipo. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe wa sauti: "Shangazi, shikamoo. Leo tumecheza dakika ishirini, halafu kaka zako wakaja."

Tena saa tisa yenyewe ni jina. Wengine ndiyo kwanza wanatoka shule, wengine wanachota maji au wamebaki na wadogo zao mama hajarudi sokoni. Wanafika nusu nusu, na timu ikikamilika muda umeisha.

Huku binti yangu yuko timu ya chini ya miaka 11. Nilichokiona siku ya kwanza, na bado nakitazama kila wiki, ni lango la uwanja. Wana saa yao moja ya jioni kwenye nyasi bandia, imeshakodiwa, imeandikwa. Baada yao inaingia timu ya wanaume. Wanaume wenyewe wamekuja mapema, njumu miguuni, mvua inawanyeshea, wamesimama nje ya uzio wanawasubiri watoto wa miaka kumi wamalize. Si kwamba ni wastaarabu kuliko kaka zetu. Wanajua tu wakiingia kabla ya muda, msimamizi atawatoa.

Nisiwapambie sana. Saa hiyo inalipiwa kila mwezi, na bila gari mtoto hafiki kwenye mechi za ugenini. Mzazi unawekwa nyuma ya mstari, ukipaza sauti unatazamwa vibaya. Mimi nimekulia kwenye vigelegele vya mama muuza maandazi anayemjua kila mchezaji na bibi yake, kwa hiyo huku nachoka. Na mpwa wangu amejifunza kumiliki mpira kwa kucheza na kaka zake barabarani, bure, tangu hajaanza shule. Watoto wa huku mpaka wapelekwe.

Vipaji kwetu vipo. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, waliifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 India mwaka 2022, wakafika robo fainali. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton, huku huku England. Nawaza tu wangapi wameishia kwenye ile saa tisa.

Najua atakayeniambia habari ya maadili. Mpwa wangu anacheza na suruali ndefu na mtandio kichwani, mtandio ambao sheria za soka zimeuruhusu tangu 2014. Saa tisa hakuna mzee anayelalamika. Maadili yanakumbukwa saa kumi na moja, uwanja unapotakiwa.

Kama lazima tununue nguo, basi bukta ziwe za rangi ya kiza. Mwaka 2023 timu ya taifa ya England iliachana na bukta nyeupe baada ya wachezaji kusema zinawatia wasiwasi siku zao za hedhi. Sisi tumeshaagiza nyeupe, ati zinapendeza na chungwa.

Pendekezo langu ni hili. Fedha zitakazobaki zisiende kwenye begi na soksi. Ziwe posho ya kocha mwanamke wa kusimama pale uwanjani, na nauli ya mtu wa kufuatilia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mpaka itoke karatasi yenye muhuri: Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, uwanja ni wa wasichana. Mmoja kundini amejibu kwamba uwanja ni wa wote, haugawiwi kwa karatasi. Mbona wa ndondo unagawiwa, tena kwa ratiba na kamati na kiingilio?

Kaka yangu naye huingia uwanjani saa kumi na moja na timu yake ya maveterani. Nimempigia. Kasema atazungumza na wenzake waachie Jumanne, Alhamisi wasahau. Nimemwambia aanze na hiyo Jumanne, lakini waiandike.