Kazi ya Kushangaa Ugenini

Wanaonipongeza hapa Tukuyu kwa kufika Ujerumani hudhani kwamba nilikwenda kupumzika, na mimi nawaacha waendelee kudhani hivyo, ingawa ukweli ni kwamba mtu aliyealikwa Ulaya huwa na kazi, na kazi yenyewe ni kushangaa, tena kwa ratiba. Yangu ilibandikwa kwenye mlango wa jokofu: saa tatu na robo kanisa, saa sita na nusu daraja.

Wenyeji wangu ni mke na mume tuliofahamiana walipokuja kujitolea katika shule yetu ya msingi, wakapaka madarasa rangi na kupanda miparachichi, na kwa wema huohuo wakaniita kwao Köln. Sina neno baya juu yao. Kinachonikera ni kwamba kila waliponionyesha kitu walisimama kando wakinitazama usoni, na uso wangu haukuumbwa kwa shughuli hiyo.

Sisi mgeni tunamkalisha, tunamletea ndizi, tunamuuliza habari za safari. Wao walinipeleka moja kwa moja kwenye Kanisa Kuu, tukalipa kiingilio ili turuhusiwe kuteseka katika ngazi 533 za mawe, zinazozunguka na kubana kiasi kwamba anayeshuka hukusalimu kwa tumbo. Huko juu nikaelezwa kwamba ujenzi ulianza mwaka 1248 na kukamilika 1880, nami papo hapo nikawasamehe wakandarasi wote wa barabara za kwetu.

Kisha ikaja zamu ya mlima. Unaitwa Drachenfels, una mita 321, na tangu mwaka 1883 una treni ya kuwapandisha watu wasichoke. Mimi niliyezaliwa chini ya Rungwe, mlima unaokaribia mita 3,000 ambao watu huupanda kwa miguu yao, nilitakiwa nishike kifua na kusema, "Lo!" Nikasema, kwa adabu. Darajani nilionyeshwa makufuli yasiyohesabika ambayo wapenzi wameyafunga kwenye uzio, kisha funguo wakazitupa katika mto Rhine, ilhali nyumbani kufuli langu la stoo limekufa tangu masika na bei ya jipya pale Mwanjelwa naijua.

Lakini lililonivunja nguvu ni jumba la makumbusho ya chokoleti. Ndani yake kuna nyumba ya vioo yenye joto na unyevunyevu, na humo imepandwa miti ya kokoa, ambayo wageni waliolipa kiingilio huizunguka wakinong'ona na kuipiga picha. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Nikiteremka tu Kyela, kokoa nazipita barabarani zikiwa zimeanikwa juani, na hakuna aliyewahi kunidai hela ya kuzitazama. Rafiki yangu akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuona mti wa namna ile.

Mbele kidogo kuna chemchemi ya chokoleti ya moto, ambapo mhudumu huchovya biskuti nyembamba na kumpa kila mgeni moja. Hiyo ilikuwa tamu, siwezi kukufuru. Nikamweleza, rafiki yangu akitafsiri, kwamba natoka jirani kabisa na wakulima wa kokoa, hivyo kwa haki ya ujirani naomba ya pili. Akatabasamu, akajibu kwamba foleni ni ndefu.